Randa ya Kufungia Mdomo

Mlango wa choo changu niliupima kwa mkanda wa suruali. Najua. Msinicheke sasa hivi, bakizeni kicheko, mbele mtakihitaji. Tepu sikuwa nayo, kamba yote ya nyumbani ilikuwa imeanikiwa nguo, na mimi ni mtu ambaye kuvuka barabara kwenda kuazima kitu ni safari ya kuaga familia. Nikavua mkanda, nikapima kwenda juu: mikanda miwili mizima, na kipande cha tatu kikaishia kwenye tundu fulani. Nikalikariri lile tundu, nikavaa mkanda wangu, nikatoka nyumbani na vipimo kiunoni kama mhandisi.

Karakana ya Fundi inatazamana na kibaraza changu hapa Chuno, mjini Mtwara, barabara tu ndiyo imetutenga. Lakini katikati hapo yuko Bi Somoe na karai lake la mihogo na samaki, na mimi sijawahi kumpita Bi Somoe bure. Nikala. Nikaongeza. Nikalegeza mkanda ili chakula kipate nafasi. Nilipofika kwa Fundi na kuulizwa kimo cha mlango, nikainama kutazama tumbo langu na kugundua kwamba kipimo kimeshaliwa.

"Tundu lipi?" akauliza Fundi.

"La pili," nikasema. "Au la nne. Hapana, ni la pili, andika la pili."

Nikavua mkanda kumwonyesha, suruali nayo ikaona ni ruhusa. Wateja wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakageuza nyuso kwa adabu, mabega yao yakitetemeka.

Fundi niliyekuwa namjua miaka yote angenimaliza pale pale. Angesema akili yangu imeliwa na mchwa ikabaki rangi tu, angenishika shati, angenivusha barabara akapime mwenyewe, na leo ningekuwa na mlango wa kiungwana. Siku hiyo alifumba mdomo. Mashavu yakamvimba. Akachukua randa ya mkono, akainamia ubao wa mkongo uliokuwa mezani, akapiga randa mpaka maranda yakamfunika vidole vya miguu. Kisha akanyooka, jasho likimtoka, akasema kwa upole wa mtu wa mapokezi, "Sawa, kaka. La pili."

Mlango ulipokuja kufungwa, chini ulibakiza uwazi ambao paka mnene anapita bila kuinama. Ndipo nikajua kwamba kuna jambo limempata Fundi.

Sitawaeleza alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, kwa sababu sikuuliza. Nilimkuta yuko pale, na karakana ikiwa imeshainamia upande mmoja. Kidato cha nne nilimaliza, cheti kipo kabatini, na kabati lenyewe alilitengeneza yeye. Tangu hapo nimekaa kwenye kiduka changu cha dirishani nikiuza sabuni na vocha na kumtazama Fundi, na nadhani kama kungekuwa na mtihani wa kumtazama Fundi ningefaulu kuliko nilivyofaulu hisabati.

Mtu kwanza alimjua kwa mdomo. Mikono ilifuata baadaye. Hayakuwa matusi ya kutaja wazazi wa watu, hayo alisema ni ya wavivu. Yake aliyaunga mwenyewe, kwa vifaa vya kazini. Mteja aliyebadilisha mawazo kila siku aliambiwa ni stuli ya miguu miwili. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyetaka kiti cha mninga kwa bei ya kuni, aliambiwa aende nyumbani akaloweke kichwa chake kwenye dawa ya mchwa. Watu waliudhika, wakarudi nyumbani, na jioni wakawasimulia wake zao huku wakicheka. Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa mlango wa bawaba moja, nikalitunza.

Ugonjwa wake wa pili ulikuwa kujirekebisha. Kila baada ya muda Fundi aliamka na jambo jipya la kuacha, na mtaa mzima ukapata tabu. Alipoacha sigara, mdomo haukukubali kukaa bure, akaanza kutafuna penseli za kazi. Kukawa hakuna penseli ya kuchorea mbao, na midomo yake ikawa na rangi ya risasi kama ya mtoto aliyefeli mwandiko. Alipoacha sukari, hakuna aliyekunywa chai kwa amani karibu naye. Ukikoroga kikombe, anasimamisha msumeno na kukutazama kama unayejinywea sumu mbele ya watoto.

Halafu zikaja video za kwenye simu. Mtu mmoja kifua wazi, sijui wa nchi gani, akamfundisha kwamba mwanaume lazima afanye mazoezi. Basi Fundi, ambaye kutwa nzima amepasua magogo, amepiga randa, amebeba makabati mgongoni, jioni analala kifudifudi juu ya kitanda cha mteja na kupiga pushapu.

"Fundi," nikamwuliza siku moja, "sasa hayo magogo uliyopasua toka asubuhi ni nini?"

"Hiyo kazi," akasema akihema. "Kazi si mazoezi. Kazi unafanya kwa sababu mteja anataka. Hili nafanya kwa sababu sitaki."

 Mimi nisilolitaka huwa silifanyi, na mwili wangu unathibitisha.

Mkewe aliyabeba yote hayo: penseli, chai chungu, kitanda cha watu kilichotepeta katikati. Alikuwa mwanamke wa maneno machache kutoka Kitaya, kule mtoni, na kila siku kabla ya jua kuwa kali alimletea mumewe chupa ya chai karakanani. Siku moja chai ilichelewa. Benchi lilikuwa limejaa wateja, na Fundi, akitafuta kuwachekesha, akamwonyesha mkewe kidole, akawaambia, "Mnamwona huyu? Huyu nilimwokota kwenye mabaki."

Kwa seremala, mabaki ni vile vipande vya kuwashia moto.

Wateja walicheka, na mimi nilicheka. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na bado nilicheka kwa sauti ya kutosha kusikika. Mwanamke akaiweka chupa juu ya benchi, akaikaza mfuniko vizuri ili isipoe, akaingia nyumbani kwao nyuma ya karakana, akatoka na begi. Akapanda gari la kwenda upande wa mto, akarudi kwao. Fundi alidhani ni hasira za siku mbili. Mpunga ukapandwa Kitaya, ukaota, mwanamke hajarudi.

Mwishowe ukaja ujumbe kwa simu, nao niliusikia kwa masikio yangu, maana Fundi hajui kupiga simu bila kuweka sauti ya nje. Mke alisema hivi: "Nitamtuma kaka yangu. Atakaa hapo karakanani kutwa nzima asikilize. Nikisikia ametoka hapo bila kusikia mtu ametukanwa, nitafikiria. Nikisikia vingine, mbao zako uoane nazo."

Hapo ndipo randa ilipoanza. Fundi alijiwekea sheria: tusi likimfika mdomoni, midomo ifungwe, mikono ichukue randa, na apige mpaka tusi lishuke lenyewe tumboni. Asitumie mashine. Mashine, alisema, inamaliza mbao kabla tusi halijaisha. Juu ya mlango wa karakana akaandika kwa chaki: HAPA HATUTUKANI. Mimi na mlango wangu wa choo tulimkuta katika majuma ya mwanzo, tusi likiwa bado lina nguvu.

Sasa niwaambie tabia ya sisi majirani zake, maana Fundi peke yake asibebe aibu. Haikuchukua muda watu kugundua kwamba ukimwudhi Fundi, mbao inarandwa. Wakaanza kuja na mbao zao mbichi, wanaziweka mezani kama kwa bahati mbaya, halafu wanamchokoza. Mmoja alimwambia viti vya kiwandani ni imara kuliko vyake. Akapata ubao wa kukatia nyama laini kama shavu la mtoto. Mwalimu mstaafu akarudi na ile bei yake ya kuni, safari hii makusudi, akaondoka na rafu nzima. Bi Somoe alitaka benchi la wateja wake lisiwe na vibanzi, akavuka barabara na kumwambia tu, "Fundi, nasikia mkeo kanenepa huko," akarudi kwenye karai lake kungoja.

Tatizo likawa wateja wasumbufu wa kweli. Aliyemsumbua sana, samani yake ilirandwa sana. Msimu ule vilitoka vitanda vyenye mbao nyembamba kama rula. Lilitoka kabati moja ambalo ukiligonga unasikia nguo zikiitikia. Na Fundi mwenyewe alikonda. Mchana anarandia matusi, jioni pushapu, chai haina sukari. Mikono ilimkomaa ikawa ya watu wawili na uso ukabaki wa nusu mtu. Lakini nitasema haki yake: hakutukana. Niliketi dirishani nikisubiri ateleze, kama unavyosubiri umeme ukatike, na hakuteleza.

Siku moja jua likiwa linaanza kuchoma akavuka barabara, jambo asilolifanya, akasimama mbele ya dirisha langu.

"Kaka, wewe umesoma," akasema. "Shemeji anakuja kesho. Nikae naye vipi?"

Mtu anayeniambia nimesoma anaweza kunitoa chochote. Nikajikohoza. Nikamwambia, "Usimjibu kitu. Hata akwambie nini, wewe meza. Huo ni mtihani, na kwenye mtihani anayenyamaza hakosei."

Bi Somoe alikuwa akigeuza samaki, akasema bila kuangalia, "Huyo ni shemeji yake, si polisi."

"Bi Somoe," nikamwambia, "hebu tuachie wanaume."

Akatuachia.

Shemeji alifika na gari la kwanza. Kijana mrefu, mchangamfu, suruali imeishia juu ya vifundo, mkononi kuku. Na kabla hajakaa akaanza utani, maana nani asiyejua kwamba shemeji ni mtani wako? Ndiyo haki yake. Kukutukana kwake ni salamu, na kujibu kwako ndiko kumkaribisha.

"Ala! Shemeji!" akapaza sauti. "Umekonda hivi? Nilikusalimia mara mbili kumbe nasalimia mpini wa jembe!"

Karakana nzima ikamtazama Fundi. Niliona kabisa jibu likimpanda, niliona kidevu kikitikisika. Akanitazama ng'ambo ya barabara. Nami, msomi, nikaweka kidole mdomoni.

Fundi akachukua randa.

"Dada yangu alisema amekimbia mdomo," shemeji akaendelea, akicheka, akingoja. "Mimi nikimtazama huyu naona alikimbia sura!"

Maranda yakaruka. Bi Somoe akapiga kelele kutoka kwenye karai, "Mjibu mwenzio!" Fundi akainamisha kichwa, akapiga randa kwa nguvu zaidi. Shemeji akatania tena, sauti imepungua. Akatania mara ya mwisho, ule utani wa kubahatisha, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ameshaona haina taa. Kisha akakaa kwenye benchi, akamkumbatia kuku wake, akanyamaza. Kutwa nzima hakuna tusi lililosikika karakanani. Jioni akaaga kwa kushikana mikono kwa adabu, kama watu wa ofisini. Kuku akaondoka naye.

Fundi alivuka barabara akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Nimefaulu, kaka," akasema. Macho yalikuwa yamemlowa. Nikampa soda, ya kwangu mwenyewe, na anayenijua anajua maana yake.

Simu ilikuja kesho yake, sauti ya nje kama kawaida.

"Kaka yangu amerudi na kuku," mke akasema. "Anasema amekutania kutwa nzima ukamnyamazia kama mgeni. Basi tumeelewa. Kumbe umeshatutoa kwenye undugu, mimi ndiye niliyekuwa bado nafikiria."

"Lakini sikutukana!" Fundi akapiga kelele. "Hata moja!"

"Ndiyo hivyo," akasema mke, na simu ikakatika.

Fundi alisimama pale na simu mkononi. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniuma. Alinitazama tu, akaenda mezani, na hata randa hakuichukua. Hakukuwa na tusi la kurandia. Kulikuwa na ukimya tu, na sehemu ya ukimya ule niliitengeneza mimi kwa kidole kimoja.

Ndiyo maana nilisafiri na Fundi kwenda Kitaya. Watu wa Chuno walitoka nje kuniona nikipanda gari, mke wangu akaniuliza kama nimefiwa. Ndani ya gari Fundi alikaa dirishani na mfuko mapajani. Tulipoyaacha mashamba ya mikorosho na kuanza kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma, nikamwuliza amebeba zawadi gani. Akafungua mfuko. Ilikuwa randa.

"Sijiamini," akasema.

Tuliwakuta uani, mpunga umeanikwa kwenye mikeka. Shemeji alikuwa anashona jamvi. Mke alikuwa anapepeta, ungo unapanda na kushuka, na alipotuona hakuacha, wala hakusema karibu. Shemeji akatutazama juu ya jamvi lake. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana ametaka, akasema, "Nilisikia kishindo nikadhani kiboko kaingia kwenye mpunga. Kumbe ni shemeji."

Mkono wa Fundi ukaingia kwenye mfuko. Nikaiona randa ikitokeza. Ungo ukapunguza mwendo. Nikataka kusema kitu, nikakumbuka historia ya mashauri yangu, nikafumba mdomo. Fundi akaitoa randa, akaigeuza, akanikabidhi mimi.

"Na wewe," akamwambia shemeji.  "Na wewe pia."

"Na mimi pia nini?" akasema shemeji. "Hilo ndilo ulilolipia nauli toka Mtwara?"

Kuku yule yule alipita katikati yetu, bado yu hai. Fundi alifumba macho kama mtu anayetafuta kitu chini ya uvungu. Nilidhani jibu limeoza huko tumboni pamoja na mengine. Halafu likatoka, mdogo mdogo kwanza:

"Shemeji, wewe aliyekupima hakuwa na tepu. Alikupima kwa mkanda wa huyu bwana hapa! Ndiyo maana suruali imeishia njiani, na akili ikaishia hapo hapo kuisubiri!"

Shemeji aliliacha jamvi likaanguka. Alicheka akiwa amepiga magoti, akapiga ardhi kwa viganja, akaniuliza kama ni kweli, nikamthibitishia, na akaanza upya. Ungo ulikuwa umesimama kabisa. Mke alikuwa ametazama pembeni, upande wa mto, mabega yakimcheza.

"Mpeni maji," akasema. "Mpeni na huyo mwenye mkanda."

Sheria yake aliitoa jioni, tukiwa tumeshakula: matusi yote ya nyumba ile yaende Kitaya, kwa kaka yake, ambaye ana haki nayo. Kwake yeye lisije hata moja, na habari ya mabaki akiisikia tena, hata kwa mzaha, hata usingizini, gari la mtoni analijua. Alirudi Chuno mpunga ulipokwisha kukobolewa, na gunia moja la mchele, na kuku.

Juzi nilikuwa kibarazani, Fundi ameshafunga kazi. Pushapu amemaliza. Akakaa kwenye benchi, mkewe pembeni na chupa ya chai, akapiga simu Kitaya kama anavyopiga kila jioni. Ametengeneza ratiba, bila ratiba haishi. Anamtukana shemeji kwa muda wa kikombe kimoja kisicho na sukari, anatukanwa kwa muda huo huo, anamsalimia mama mkwe, anakata. Maandishi ya chaki bado yako juu ya mlango, sema mkewe ameongeza chini yake: ILA KWA SIMU. Mtaa umepoteza randa ya bure na watu wanalalamika. Mwalimu mstaafu amejaribu kumwudhi mara kadhaa, na Fundi anamwambia, "Mwalimu, hilo nalihifadhi, jioni nitampa shemeji."

Nikaona ni wakati mzuri wa kumkumbusha Bi Somoe, aliyekuwa anafunga karai lake, nani alisafiri hadi Kitaya, nani alishika randa, na mkanda wa nani ulileta mwanamke yule nyumbani. Nilieleza kwa urefu kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajitwika karai, akasema:

"Baba, ndoa ya watu mmeiweza, lakini mlango wa choo umewashinda. Kila asubuhi tunakuona miguu."